Seli Zinakufa Kwenye Kiunzi? Muulize Kwanza Shahidi

"Shikamoo dada. Zimekufa tena."

Simu ya namna hii hunikuta kabla sijamaliza chai. Anayepiga ni kijana wetu wa zamu hapa Tabora, na hazungumzii vifaranga. Anazungumzia seli za ngozi tulizozipanda siku tatu nyuma kwenye viunzi, yaani vipande vya polima vyenye vitundu, kila kimoja kikubwa kama kifungo cha koti. Jibu langu halibadiliki: "Marahaba. Shahidi anasemaje?"

Shahidi ni jina tulilokipa kisahani cha kawaida cha plastiki kinachopandwa seli zile zile, saa ile ile, kwa lishe ile ile, ila hakina kiunzi ndani. Shahidi akiwa mzima na kiunzi kimegeuka makaburi, kosa liko kwenye kiunzi au kwenye namna ulivyopanda. Wakifa wote wawili, achana na kiunzi. Tafuta kwenye lishe, joto, gesi au seli zenyewe. Bila shahidi unapiga ramli tu. Katika kazi hii hakuna anayesingiziwa kama seli. Mtu anaagiza seli nyingine, anasubiri wiki tatu, anapanda, zinakufa tena, kumbe adui ni povu la hewa.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kiunzi ni sponji nyembamba ya polima ambayo seli zinaishika na kuitambaa. Lishe ni kile kimiminika chekundu cha kukuzia seli, chenye chumvi, sukari, vitamini na mara nyingi seramu ya ndama. Seli zenyewe ni za aina mbili: faibroblasti za tabaka la ndani la ngozi, na keratinosaiti za tabaka la nje. Kukuza keratinosaiti za binadamu kizazi baada ya kizazi kuliwezekana baada ya kazi ya Rheinwald na Green ya mwaka 1975. Mwaka 1981 Burke na Yannas wakatoa taarifa ya kufunika majeraha makubwa ya moto kwa kiunzi cha kolajeni chenye ngozi ya juu ya silikoni. Shida waliyokuwa wakiitafutia dawa haijabadilika: mtu aliyeungua nusu ya mwili hana ngozi nzima ya kutosha kujipandikizia.

Sisi tunatumia zaidi viunzi vya polima iitwayo polikaprolaktoni, mara nyingine PLGA (polima ya asidi ya laktiki na ya glaikoliki), mara nyingine jelatini. Seli tunazipata kwenye vipande vya ngozi vinavyobaki baada ya tohara za watoto, kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa. Hakuna hata kiunzi kimoja tulichokiweka juu ya kidonda cha mtu, na wewe usijaribu kabla ya kibali cha maadili ya utafiti na kabla TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hawajasema neno lao.

Kiunzi kinaelea, na seli zimebaki juu tu

Hili ndilo tatizo la kwanza la kila anayeanza, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Polikaprolaktoni haipendi maji. Dondoshea tone la lishe juu ya kiunzi kikavu uone: litakaa limeviringana kama tone la mvua kwenye jani la mgimbi. Ndani vitundu vimejaa hewa, na hewa haipishi maji kwa hiari. Ukipanda seli hapo, zinabaki juu kwenye ngozi ya kiunzi, na kesho yake kiunzi kinaelea kama ganda la karanga. Chini ya hadubini utaona miduara myeusi yenye ukingo mkali. Hayo ni mapovu. Wapo wanaoyadhania mafuta.

Spiriti ya asilimia 70 inapenya pale maji yanapogoma. Lakini kuloweka peke yake mara nyingi hakutoshi, hasa kiunzi kikiwa kinene zaidi ya milimita moja. Fanya hivi. Chukua bomba la sindano safi la mililita 20, toa pistoni, tumbukiza kiunzi, rudisha pistoni, kisha vuta spiriti mililita kumi hivi na sukuma hewa yote itoke. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole chenye glavu, halafu vuta pistoni taratibu. Utaona mapovu yakichomoka ubavuni mwa kiunzi kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Achia pistoni irudi. Gonga bomba kwa ukucha mapovu yapande, yasukume nje, rudia. Mara ya tatu au ya nne kiunzi kinabadilika: cheupe cha chaki kinakuwa na ukijivu wa kuona ndani, kisha kinazama chenyewe. Ukiona kimezama ujue umeshinda.

Sasa ndipo wengi wanaharibu. Wanakitoa kwenye spiriti, wanakiweka juu ya karatasi "kikauke kidogo". Kikikauka hewa imerudi, na kazi yote imekwenda na maji. Kutoka spiriti kiende moja kwa moja kwenye maji ya chumvi yenye bafa (kitu cha kutuliza pH), yabadilishwe mara tatu, robo saa kila mara, kisha kilale usiku kucha ndani ya lishe yenye seramu. Usiku huo si wa mapambo. Protini za seramu, kama faibronektini na vitronektini, zinajipaka kwenye kuta za vitundu, na seli zinazishika hizo. Polima tupu haina pa kushika. Tena usipunguze yale maji matatu, kwa sababu spiriti iliyosalia ndani ya vitundu inaua usiku huo huo, nawe utakuja kuilaumu polima.

Kama bado kinasukuma maji, kiloweke kwenye sodiamu haidroksaidi ya molari 1 kwa saa chache. Alkali inakata minyororo ya polima pale juu na kuacha ncha zinazopenda maji. Suuza mpaka maji ya kusuuzia yarudi pH 7. Usikisahau humo, maana alkali haijui pa kuishia. Wenye mashine ya plazima (gesi iliyochajiwa umeme, si ile ya damu) wanapata matokeo hayo hayo kwa dakika chache, ila kiunzi kilichopigwa plazima kinarudia ubishi wake kadiri kinavyokaa kabatini. Kipige kipya, kitumie kipya.

Seli ziko chini ya kisahani, kiunzi kitupu

Ukikiinua kiunzi kwa kibano ukakuta chini pamestawi bustani nzuri ya faibroblasti, seli zako ni nzima na zimechagua nyumba nyingine. Plastiki ya visahani vya kukuzia imetengenezwa makusudi ishikike. Tumia visahani visivyotengenezwa hivyo, au paka chini agarosi (jeli ya mwani) ya asilimia 1 mpaka 2, ambayo seli haziwezi kuishika.

Sababu ya pili ni tone kubwa. Kiunzi kilicholoa chepechepe hakina nafasi. Ukimiminia mililita nzima ya seli zinapitiliza pembeni. Gusisha kwanza ukingo wa kiunzi kwenye karatasi safi ya chujio inywe maji ya ziada, bila kukikausha. Kisha weka seli nyingi ndani ya tone dogo, tuseme laki moja ndani ya maikrolita 30, katikati, polepole. Rudisha inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) kwa saa mbili. Pembeni weka matone ya maji safi ili unyevu usipotee, maana tone dogo linakauka upesi kuliko unavyodhani. Baada ya hapo ongeza lishe kutoka pembeni, si juu ya kichwa cha kiunzi.

Na hesabu. Seli ulizoweka, toa zile zilizo kwenye lishe na zilizoshika chini. Ukiweka 200,000 ukakuta 130,000 nje, kiunzi kimeshika asilimia 35 tu, na picha yoyote utakayopiga siku ya saba itakuwa inasimulia habari ya hizo 70,000.

Vitundu vikubwa mno navyo vinapitisha seli kama chekeche linavyopitisha unga. Kwa kolajeni ya ngozi, kazi za Yannas na wenzake zilielekeza kwenye vitundu vya kati ya maikromita 20 na 125 hivi. Chini ya hapo seli haziingii, juu ya hapo zinakosa kuta za kushika. Kiunzi cha polima ngumu kinaweza kuvumilia zaidi kidogo, lakini ukichuja chumvi yako ya kutobolea (punje zinazochanganywa na polima kisha kuyeyushwa kwa maji ziache vitundu) kwa chekeche la jikoni usishangae.

Zimeshika vizuri, siku ya tatu zinakufa. Shahidi mzima

Hapa kuna kitu kinavuja kutoka kwenye kiunzi. Washukiwa ni wachache. Kuna kiyeyusho, klorofomu au dikloromethani, kilichonaswa ndani ya polima. Kuna chumvi ya kutobolea ambayo haikuisha. Kuna glutaraldehaidi kama uliitumia kukaza jelatini. Na kwa PLGA kuna asidi ya laktiki na ya glaikoliki zinazotoka polima inapovunjika. Kwenye lishe kidogo isiyobadilishwa, rangi inageuka ya machungwa kisha njano bila bakteria hata mmoja.

Usibahatishe. Loweka kiunzi kisicho na seli kwenye lishe kwa saa 24 katika nyuzi 37, gramu 0.1 kwa kila mililita, na uongeze lishe ya kufidia ile ambayo sponji imekunywa. Kisha chukua lishe hiyo umpe shahidi. Ni jaribio lile lile la viwango vya ISO 10993-5 la kupima sumu kwa seli. Shahidi akinywa na kufa, kiunzi kina sumu inayoyeyuka. Akinywa na kuendelea kuzaana, rudi kwenye kushika na kulowana.

Tulifanya hivyo mwaka fulani baada ya kubishana wiki mbili. Kijana alisema seramu mbovu, mimi nikasema mikono yake. Tukampa shahidi ile lishe ya kulowekea. Asubuhi seli zilikuwa zimejikunja vidonge, zimeachia, zinaelea. Mikono ya kijana ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa haraka yangu: nilikausha viunzi kwa siku moja mezani, wakati klorofomu ilihitaji siku kadhaa kwenye chombo cha kunyonya hewa. Nilimwomba radhi, tena mbele ya watu.

Chumvi inapimika kirahisi zaidi. Dondoshea maji ya suuzo la mwisho matone ya naitreti ya fedha. Yakifanya wingu jeupe kama maziwa, kloraidi bado ipo. Fanya hivyo kwa suuzo la maji yaliyokenekwa, maana maji ya chumvi yenye bafa yatakupa wingu hata kama kiunzi ni safi.

Lishe imechafuka

Ikiwa na ukungu wa maziwa na njano baada ya usiku mmoja ni bakteria. Vipira vya pamba vinavyoonekana kwa macho ni fangasi. Vishanga vinavyochipua vishanga vidogo ni hamira. Chembechembe zinazometameta bila kuongezeka siku hadi siku huenda ni mashapo ya seramu tu. Seramu iliyotoka Dar es Salaam kwa basi ikafika barafu imekuwa maji, halafu ikagandishwa tena, inatoa chembe hizo. Haijaoza, ila usiitegemee kwa keratinosaiti.

Shahidi akiwa safi na viunzi vyote vimechafuka, hukuviua vijidudu ndani ya kiunzi. Mwanga wa UV unapiga pale unapofika. Ndani ya vitundu ni giza. Spiriti inaua bakteria wengi lakini spora zinaisubiri ipite. Na otoklevu, lile jungu la mvuke wa kuua vijidudu, jamani. Polikaprolaktoni inayeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, karibu sawa na nta ya nyuki, na kwenye mkoa wa asali kama huu kila mtoto anajua nta ikisahauliwa karibu na jiko inakuwaje. Niliwahi kuviweka viunzi kumi na viwili otoklevu nikaenda kunywa chai. Nilikuta vifungo vyangu vimekuwa machozi ya mshumaa. Njia ya uhakika kwa polima hii ni mionzi ya gama au gesi ya ethilini oksaidi, na gesi hiyo ipewe muda mrefu wa kutoka kabla hujapanda. Kwa majaribio ya siku chache tu, spiriti pamoja na viuavijasumu hukuvusha. Kisha usiviache viunzi kwenye gari lililofungwa mwezi wa kumi.

Otoklevu inabaki na kazi ya maji, chumvi na vibano, na hapa kuna mtego wa nchi za juu. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Jungu la mvuke lenye mshale wa presha linaonyesha presha iliyozidi ile ya nje, na ya nje hapa ni pungufu. Mshale ukisoma 15 psi (paundi kwa inchi ya mraba), pwani ndani ni nyuzi 121. Hapa ni kama 119. Ongeza 2 psi, kama chombo kimeruhusiwa kufika huko, au ongeza dakika. Kipande cha utepe wa kubadilika rangi hakikuambii hayo. Wenzetu wa Kigoma, walio karibu mita 775 kando ya ziwa, wana nafuu kidogo, lakini nao hawako Tanga.

Kama seli zinazidi kuwa wavivu na hakuna uchafu unaoonekana, fikiria maikoplazma, bakteria wadogo mno. Hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, hawatii lishe ukungu, penisilini haiwagusi kwa kuwa hawana ukuta wa seli. Hupimwa kwa PCR (kipimo kinachonakili DNA yao) au kwa rangi ya DNA. Wakithibitika, tupa. Najua inauma.

Lishe imekuwa zambarau

Rangi ya fenoli nyekundu iliyo ndani ya lishe imekuambia pH imepanda. Mtungi wa kaboni dayoksaidi, gesi inayozuia pH isipande, umeisha, mpira unavuja, au mlango unafunguliwa kama wa duka. Angalia mtungi kwanza.

Wapo wanaolaumu mwinuko. Ni kweli hewa yetu ni nyepesi: asilimia 5 ya gesi hapa ni sawa na kama 4.3 ya pwani, na ukitaka kufidia utapanda hadi 5.8 hivi. Lakini hiyo inainua pH kwa 0.06 tu. Seli haifi kwa 0.06. Tazama kama inkubeta yako ina mahali pa kuingiza mwinuko, iingize, basi.

Ukingo uko hai, katikati pamekufa

Kata kiunzi katikati kwa wembe, kiloweke kwenye rangi iitwayo resazurini. Palipo na seli hai rangi ya buluu inageuka waridi. Ukiona pete ya waridi na moyo wa buluu, oksijeni haifiki. Bila mishipa ya damu, seli zilizosongamana zinategemea lishe iliyo ndani ya maikromita 100 mpaka 200 kutoka zilipo. Punguza unene. Kama ni chembamba tayari, vitundu havijaungana: chumvi ilikuwa kidogo, kila punje ikaacha pango lake lisilo na mlango. Upande uliogusa kioo wakati wa kumimina polima nao huwa na gamba. Ugeuze juu uuone kwa hadubini, uukwangue au uutupe. Kutikisa kisahani taratibu kunasaidia, si sana.

Keratinosaiti zimekuwa bapa na zimeacha kugawanyika

Kalisiamu. Zikiwa kwenye kalisiamu ndogo, milimolari 0.1 kushuka chini, zinazaana. Ikizidi milimolari 1 zinaanza kukomaa kama zinavyokomaa kwenye ngozi, na seli iliyokomaa hairudi utotoni. DMEM, lishe ya kununua inayotumika sana, ina 1.8, na seramu inaleta yake. Kwa hiyo zizalishe kwanza kwenye lishe ya kalisiamu ndogo, zijaze kiunzi, ndipo upandishe kalisiamu na kuinua kiunzi uso wake uguse hewa, chini ubaki kwenye lishe. Hapo tabaka zitajengeka ndani ya wiki mbili hivi.

Zikimezwa na faibroblasti zenye umbo la samaki wembamba, suuza kwa EDTA na tripsini kidogo, dawa za kuachisha seli: faibroblasti zinaachia mapema, keratinosaiti zinang'ang'ania. Tupa wimbi la kwanza.

Kiunzi kinajikunja

Kama ni kolajeni au jelatini, faibroblasti wanakivuta. Kibane kwa pete ya chuma cha pua. Kama ni PLGA kisicho na seli na bado kinasinyaa, ni joto la inkubeta pamoja na maji vinalegeza polima iliyonyooshwa wakati wa kutengenezwa. Kibane kwenye pete, kiloweke nyuzi 37 usiku mmoja kabla ya kupanda, kimalize kusinyaa bila abiria.

Shahidi naye amekufa

Uliza umeme kabla ya kuuliza seramu. Tunaweka kipimajoto cha kukumbuka kiwango cha juu na cha chini ndani ya inkubeta, cha bei ndogo, kimetutatulia kesi nyingi. Usiku wa nyuzi 30 seli zinaamka zimenuna na kuendelea. Umeme ukirudi kwa fujo na inkubeta ikapitiliza hadi 41 kwa saa kadhaa, ndipo unapata vile vidonge vinavyoelea. Umeme ukikatika usifungue mlango "kuangalia". Kijana wetu sasa amebandika karatasi mlangoni kwa kalamu nyekundu: ZIMELALA, USIAMSHE.